Umeme ulikatika, nodi zote tatu za Galera zikazima, sasa klasta haiwaki. Naombeni msaada

Kijana_wa_Raki

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni msaada wa haraka maana hapa nilipo simu haiachi kuita.

Nina klasta ya MariaDB Galera ya nodi tatu (seva tatu za databesi zinazobeba data ileile), Debian 12 na ile MariaDB 10.11 inayokuja nayo. Inabeba mfumo wa chama cha akiba na mikopo, databesi kama GB 40 hivi, HAProxy iko mbele inagawa maombi kwa nodi. Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika, jenereta likagoma, UPS zikaisha chaji, kila kitu kikazima. Asubuhi umeme umerudi, nimewasha mashine zote, hakuna nodi hata moja inayokubali. Nikipiga systemctl start mariadb inakaa kimya kidogo halafu inakufa, na kwenye logi naona:

```
WSREP: failed to reach primary view
```

Nikijaribu galera_new_cluster (amri ya kuanzisha klasta upya) kwenye nodi1 inanijibu kuwa huenda si salama kuanzia nodi hii:

```
[ERROR] WSREP: It may not be safe to bootstrap the cluster from this node.
It was not the last one to leave the cluster and may not contain all the updates.
```

Faili la grastate.dat, ambamo Galera huandika hali ya nodi, linafanana kwenye nodi zote:

```
# GALERA saved state
version: 2.1
seqno:   -1
safe_to_bootstrap: 0
```

(Mstari wa uuid nimeuondoa, ila ni uuid ileile kote.) Kila nodi inaisubiri mwenzake. Nifanyeje? Dirisha linafunguliwa saa mbili na nusu.

ChapChap01

Hiyo ndogo sana mkuu. Ingia nodi1, fungua grastate.dat, weka safe_to_bootstrap: 1, piga galera_new_cluster. Nyingine washa kawaida. Dakika tano umemaliza, njoo unishukuru.

BintiKonsoli

Kijana_wa_Raki, kama hujafanya alichosema ChapChap01, simama hapo hapo. Amri ni hizo hizo, lakini nodi ya kuanzia huichagui kwa sababu jina lake lina namba moja. Inabidi uanzie kwenye nodi iliyofika mbali kuliko zote, na hadi sasa huijui ni ipi.

Hiyo seqno: -1 isikutishe. Seqno ni namba ya muamala wa mwisho ambao nodi imeufikia. Galera huandika namba halisi kwenye grastate.dat pale tu nodi inapozimwa kwa utaratibu. Ikiwa inafanya kazi, muda wote faili linasoma -1, na umeme ukikatika ndivyo linavyobaki. Namba ya kweli imo ndani ya InnoDB, injini inayohifadhi data, na inachimbuliwa.

Kwanza kabisa, kama hizo ni VM (mashine pepe), zizime zote na upige snapshot (nakala ya hali yake ilivyo) ya kila moja. Kama ni mashine halisi, nakili /var/lib/mysql yote pembeni kwa cp -a. Usiruke hatua hii hata kama meneja amesimama mgongoni kwako.

Kisha kwenye kila nodi, ukiwa root na huduma ikiwa imezimwa:

```
systemctl stop mariadb
mariadbd --user=mysql --wsrep-recover
```

Hii haikuwashii databesi. Inaifungua InnoDB, inamalizia miamala iliyobaki kwenye redo log, inatoa namba, inafunga. Tafuta mstari unaosema "Recovered position". Mwishoni mwake kuna uuid, nukta mbili, halafu namba. Utuletee namba zote tatu hapa.

Jamaa_wa_Thika

Niko hapa siti ya mbele. Hii kitu ilishawahi kutusumbua Nairobi, kila mtu kwa ofisi alikuwa na lake la kusema.

Kijana_wa_Raki

Dada asante sana, nilikuwa tayari nimefungua nano kulibadili hilo faili. Snapshot zipo. Namba ni hizi:

nodi1: 4418207
nodi2: 4418231
nodi3: 4418229

BintiKonsoli

Umeona sasa. Nodi1, ile ya kuambiwa uanzie, ndiyo iliyo nyuma kuliko zote. Iko nyuma ya nodi2 kwa miamala 24. Kwenye chama cha akiba, 24 ni watu waliorejesha mkopo wakapewa na risiti.

Ungeanzia nodi1, ingekuwa hivi. Nodi2 ingegoma kujiunga kwa kuwa namba yake ni kubwa kuliko ya kundi, ingetoa ujumbe wa "states diverged" na kukushauri ufute grastate.dat kama unataka kuendelea. Na mtu mwenye haraka anafuta. Akishafuta, nodi2 inanakili data yote kutoka nodi1 juu ya ile yake, na zile 24 zimekwenda moja kwa moja.

Anzia nodi2. Kwenye nodi2 peke yake:

```
sed -i 's/safe_to_bootstrap: 0/safe_to_bootstrap: 1/' /var/lib/mysql/grastate.dat
galera_new_cluster
```

Ikiwaka, ingia ndani uhakikishe:

```
SHOW GLOBAL STATUS WHERE Variable_name IN
('wsrep_cluster_size','wsrep_cluster_status',
 'wsrep_local_state_comment','wsrep_ready');
```

Unataka ukubwa 1, Primary (kundi lina akidi), Synced (data imelingana), ON. Kisha nodi3 kwa systemctl start mariadb ya kawaida, wala usirudie galera_new_cluster. Ngoja hadi isome Synced ndipo uende nodi1. Usiziwashe mbili kwa pamoja, maana nodi2 ndiyo mtoaji pekee na itaelemewa.

Kila inayojiunga, kama tofauti yake bado imo kwenye gcache (akiba ya miamala ya karibuni) ya nodi2, italetewa tofauti tu na itamaliza upesi. Kama haimo, itabeba GB 40 zote. Ukiona iko kwenye hali ya Joiner muda mrefu, usiiue.

Kijana_wa_Raki

IMEWAKA. Nodi3 iliingia mara moja. Nodi1 imebeba data yote, imechukua muda, na wakati huo mfumo ulikuwa mzito kweli hadi watu wa dirishani wakadhani umekufa tena. Sasa hivi wsrep_cluster_size ni 3, zote Synced. Dada Mungu akubariki.

ChapChap01

Nimekaa pembeni najifunza.

Mchora_Mtandao

Hongera. Lakini mimi zile namba tatu hazijaniacha. Kwa nini nodi1 iko nyuma kwa 24, halafu nodi2 na nodi3 zimeachana kwa 2 tu? Hizo VM zimekaa kwenye mashine ngapi za kweli, na zinakula umeme wa wapi?

Kijana_wa_Raki

Mashine mbili za Proxmox, ile ya kuendeshea VM. Nodi1 iko mashine A. Nodi2 na nodi3 ziko mashine B kwa kuwa yenyewe ina RAM kubwa. Kila mashine ina UPS yake. Swichi imechomekwa UPS ya B.

Mchora_Mtandao

Basi hadithi imekamilika. UPS ya A iliisha kwanza, nodi1 ikazima. Nodi2 na nodi3 zikabaki mbili kati ya tatu, akidi ipo, wakaendelea kupokea miamala. Ndiyo hizo ishirini na kitu. Halafu UPS ya B nayo ikaisha, zikafa pamoja.

Ile tofauti ya 2 haiwezi kuwa nodi2 iliendelea peke yake, maana nodi moja kati ya mbili zilizobaki haina wingi na ingekataa kuandika. Ni muamala uliokwishapitishwa na klasta lakini kwenye nodi3 haujatua kwenye diski. Aidha ulikuwa foleni unasubiri kuandikwa, au innodb_flush_log_at_trx_commit yako, inayoamua muamala uandikwe diskini lini, si 1. Weka faili lako la mipangilio tulione.

Sasa geuza kichwani. Ingekuwa ni UPS ya B iliyoisha kwanza. Nodi mbili zinaondoka kwa mpigo, nodi1 inabaki mzima, ina data, ina umeme, na haifanyi kitu. Moja kati ya tatu si akidi, kwa hiyo inajitangaza non-Primary na kila swali inalijibu "WSREP has not yet prepared node for application use". Umenunua seva mbili, lakini afya ya mfumo wako yote inategemea B. A ikifa unapona, B ikifa umekwisha. Na swichi nayo iko B.

Nodi zinahesabiwa kwa vitu vinavyoweza kufa kwa pamoja. Wewe una viwili, haijalishi VM umefungua ngapi.

Jamaa_wa_Thika

Si aongeze tu ile garbd ya kupiga kura kwa kamashine kadogo? Haibebi data, inafanya kura tu.

Mchora_Mtandao

Wazo zuri, ila akiiongeza juu ya hizi tatu mambo yanaharibika. Kura zinakuwa nne. Mashine B ikianguka ghafla, zinabaki nodi1 na garbd, mbili kati ya nne. Nusu kamili si wingi, bado inasimama.

Afanye hivi: nodi1 abaki nayo A, nodi2 B, nodi3 aiondoe kabisa, na garbd akaiweke kwenye kitu cha tatu chenye umeme wake. Hata kompyuta ndogo ya zamani inatosha kwa CPU, mradi mtandao wake uwe mzuri, kwa sababu garbd haihifadhi data lakini mtiririko wote wa miamala unaifikia. Kwenye Debian kifurushi kinaitwa galera-arbitrator-4, unajaza /etc/default/garb:

```
GALERA_NODES="10.10.0.11:4567 10.10.0.12:4567"
GALERA_GROUP="chama_db"
```

halafu systemctl enable --now garb. Hapo kura ni tatu mahali patatu, yoyote moja ikianguka mbili zinabaki. Kama bajeti ipo, mashine ya tatu ya kweli yenye nodi kamili ni bora zaidi, maana ukiwa na nodi mbili za data na moja ikiwa inajazwa upya na nyingine, umebaki na mfanyakazi mmoja anayefanya kazi mbili.

Na swichi itoe kwenye UPS ya B.

Kijana_wa_Raki

Daah. Kwenye mradi tuliandika "seva tatu" na mkaguzi akazihesabu tatu.

Mipangilio ni hii, nodi1:

```
[galera]
wsrep_on                       = ON
wsrep_provider                 = /usr/lib/galera/libgalera_smm.so
wsrep_cluster_name             = chama_db
wsrep_cluster_address          = gcomm://10.10.0.11,10.10.0.12,10.10.0.13
wsrep_node_name                = nodi1
wsrep_node_address             = 10.10.0.11
wsrep_sst_method               = rsync
binlog_format                  = ROW
default_storage_engine         = InnoDB
innodb_autoinc_lock_mode       = 2
innodb_flush_log_at_trx_commit = 0
bind-address                   = 0.0.0.0
```

BintiKonsoli

Mengi yako sawa. Yananisumbua matatu.

Hiyo innodb_flush_log_at_trx_commit = 0 utaikuta kwenye miongozo mingi ya Galera. Hoja yao ni kwamba hata nodi ikipoteza sekunde ya mwisho, wenzake wanayo. Ni hoja ya kweli kwenye kituo cha data chenye njia mbili za umeme. Kwa sisi ambao umeme ukiondoka unaondoka na jengo zima, "wenzake" nao wanakuwa wamepoteza sekunde ileile. Weka 1. Kwenye SSD nzuri hutaona tofauti ya kukulaza macho, na kwenye hela za watu sioni mjadala.

wsrep_sst_method = rsync, njia ya kunakili data nzima kwa nodi inayojiunga, ndiyo iliyowafanya watu wa dirishani wadhani mfumo umekufa. Rsync inamzuia mtoaji asiandike muda wote anaponakiliwa. Sakinisha mariadb-backup kwenye nodi zote, weka mariabackup badala ya rsync, tengeneza mtumiaji wa databesi wa kazi hiyo na umtaje kwenye wsrep_sst_auth. Mtoaji ataendelea kuhudumia huku anagawa data.

La tatu halipo kwenye faili lako, na ndilo tatizo lenyewe. Hujaweka gcache.size, kwa hiyo uko kwenye ile ya kuzaliwa, MB 128. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya miamala ya karibuni ambayo nodi iliyotoka kidogo huitumia kurudi bila kubeba data yote. Kwa mfumo wenye pilikapilika, unazima nodi upige sasisho, unarudi, tofauti imeshapita MB 128, unaanza kubeba GB 40. Weka:

```
wsrep_provider_options = "gcache.size=2G"
```

Kuhusu faiwoli najua umefungua poti 3306 na 4567 maana klasta inaongea. Hakikisha na 4568 na 4444. Hizo mbili hazitumiki siku za kawaida, moja ni ya kuletewa tofauti na nyingine ya kubeba data nzima, kwa hiyo mtu akizifunga hagundui mpaka siku nodi imeanguka.

Jamaa_wa_Thika

Na HAProxy je? Tuoneshe, maana hapo ndipo mimi huona vituko.

Kijana_wa_Raki

```
listen mysql
    bind *:3306
    mode tcp
    balance roundrobin
    option mysql-check user haproxy
    server nodi1 10.10.0.11:3306 check
    server nodi2 10.10.0.12:3306 check
    server nodi3 10.10.0.13:3306 check
```

Jamaa_wa_Thika

Nilijua tu. Boss, wale developer wako hawalalamiki wakiona "Deadlock found when trying to get lock" hata pahali hakuna lock yoyote?

Kijana_wa_Raki

Wanalalamika kila mwisho wa mwezi! Nilidhani ni code yao mbovu.

Jamaa_wa_Thika

Code yao haina shida. Unawatawanya waandishi kwa nodi tatu. Galera haifungi rekodi kwa nodi zote muamala ukianza. Kila nodi inaandika kwake kwa matumaini, na ikifika wakati wa COMMIT (kuuthibitisha muamala) ndio wanalinganisha. Watu wawili wakigusa akaunti moja kwa wakati mmoja kupitia nodi tofauti, wa kwanza anapita, wa pili anaangushwa, na error anayopewa ni ileile ya deadlock, 1213. Mwisho wa mwezi mnapiga riba kwa akaunti zote huku watu wako dirishani, lazima wagongane. Angalia hesabu za migongano, wsrep_local_cert_failures na wsrep_local_bf_aborts, utaona zimepanda.

Waandishi wote kwa nodi moja, nyingine zikae standby. Na mysql-check haitoshi. Inajua tu kama MySQL inaitikia salamu. Nodi iliyo non-Primary inaitikia salamu vizuri kabisa halafu inakataa kazi. Tumia ile skripti ya clustercheck kwa poti 9200, inajibu 200 kama nodi ni Synced, vinginevyo 503.

```
listen mysql
    bind *:3306
    mode tcp
    option httpchk
    default-server check port 9200
    server nodi1 10.10.0.11:3306 on-marked-down shutdown-sessions on-marked-up shutdown-backup-sessions
    server nodi2 10.10.0.12:3306 backup
```

Hiyo on-marked-up usiisahau. Bila hiyo, nodi1 ikirudi, wateja wapya wanaenda nodi1 lakini wale wa zamani wenye connection za kudumu wanabaki nodi2, na umerudi kuwa na waandishi wawili bila kujua.

Kijana_wa_Raki

Aisee. Swali dogo la pembeni, kwa kuwa wajuvi mpo: namba za risiti zetu zinaruka tatu tatu. 1001, 1004, 1007. Mkaguzi alituandikia barua akidhani kuna risiti zinafutwa.

BintiKonsoli

Hakuna kinachofutwa. Galera yenyewe huweka auto_increment_increment (hatua ya namba zinazojiongeza zenyewe) iwe sawa na idadi ya nodi, ili nodi mbili zisitoe namba moja. Nodi tatu, hatua tatu, na klasta ikibadilika ukubwa na hatua inabadilika. Namba ya risiti isitoke kwenye auto increment kabisa, hata bila klasta, kwa sababu muamala ukighairiwa namba inapotea. Wafanye jedwali la kihesabu na waichukue namba ndani ya muamala uleule. Mkiwa na mwandishi mmoja kama alivyosema Jamaa_wa_Thika halitawagonganisha kwenye COMMIT.

Mzee_wa_Bakapu

Nimesoma uzi wote vijana wangu, hakuna aliyeuliza bakapu iko wapi.

Kijana_wa_Raki

Shikamoo mzee. Data iko nodi tatu, ndiyo bakapu yetu.

Mzee_wa_Bakapu

Marahaba. Siyo bakapu hiyo mwanangu. Mtu akipiga DELETE akasahau WHERE, yaani akafuta jedwali zima, Galera itahakikisha kosa hilo limefika nodi zote tatu kwa uaminifu mkubwa kabla hajatoa kidole kwenye kibodi.

Someni yaliyowapata GitLab, kampuni ya kuhifadhi code mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Walikuwa wanahangaika na replica (nakala inayoifuata seva kuu) iliyobaki nyuma, mhandisi akafuta saraka ya data akidhani yuko kwenye replica, kumbe yuko kwenye seva kuu. Karibu GB 300 ziliondoka. Walikuwa na njia kadhaa za bakapu kwenye makaratasi, walipozihitaji hazikufanya kazi. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga kwa mkono saa kama sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya hizo saa sita haikurudi. Nawaheshimu kwa sababu walilieleza hadharani lote.

mariabackup kila usiku, kutoka nodi2 isiyobeba waandishi, ipelekwe nje ya jengo. Na mara moja moja uirejeshe kwenye mashine tupu uone kama inafunguka. Ambayo hujawahi kuirejesha usiiite bakapu mbele yangu.

Kijana_wa_Raki

Nimekuelewa mzee. Makao makuu yako Moshi, tuna tawi Tanga. Vipi nikiiweka ile nodi3 Tanga? Nitakuwa nimepata mahali pa tatu na nje ya jengo kwa mpigo mmoja.

Mchora_Mtandao

Usifanye. Galera kila COMMIT inasubiri nodi zote zilizomo zipokee muamala. Ukiweka moja Tanga, kila risiti ya Moshi itasubiri safari ya kwenda Tanga na kurudi. Kiungo kikianza kuyumba, Galera inangoja sekunde 5 kabla ya kuanza kuishuku nodi, na inaweza kufika 15 kabla ya kuitoa, na muda huo waandishi wamesimama. Kiungo kinachokatika na kurudi kila mara kitakutoa jasho kuliko kilichokufa kabisa.

Tanga weka replica ya kawaida isiyosubiriwa, yenye GTID (namba ya utambulisho ya kila muamala), inayosoma kutoka nodi2. Washa log_slave_updates huko nodi2 ili miamala iliyotoka nodi1 nayo ishuke kwenye binlog, logi ya mabadiliko ambayo replica huisoma. Itakuwa nyuma kidogo, sawa. Moshi ikiungua unahamia Tanga, lakini kwa uamuzi wa mtu aliyekaa akafikiri. Usiiachie skripti.

Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyowapata GitHub, nao ni wahifadhi wa code mtandaoni, Oktoba 21, 2018. Mawasiliano kati ya kituo chao cha data na kitovu cha mtandao huko pwani ya mashariki ya Marekani yalikatika kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu. Programu yao ya kuhamisha ukuu wa MySQL ikaupeleka pwani ya magharibi, wakati mashariki kulikuwa na miamala michache ambayo bado haijavuka. Magharibi nako wakaanza kuandika mapya. Pande mbili, kila moja ina ambacho mwenzake hana. Kuzisawazisha kukawaletea saa 24 na dakika 11 za huduma ya kuchechemea. Na hao ni watu wenye wahandisi wa databesi wa kuajiriwa kwa kazi hiyo tu.

Jamaa_wa_Thika

Mimi niulize la uchokozi. GB 40, waandishi wanaenda nodi moja, chama kimoja. Kwani Galera ni ya nini hapa? Si seva moja kali, replica moja pembeni, na bakapu ya mzee?

BintiKonsoli

Si uchokozi, hata mimi nimelifikiria tangu mwanzo. Kama angekuja kabla hajajenga, ningemwambia seva moja na replica. Ikianguka unahamia kwa mkono, dakika kumi na tano mfumo unarudi, na kijana analala usiku. Galera inalipa pale ambapo hizo dakika kumi na tano huna, au pale unapotaka kupiga sasisho mchana nodi moja baada ya nyingine bila mtu kujua. Lakini ameshajenga, inafanya kazi, na kuibomoa ni kazi nyingine yenye hatari zake. Airekebishe.

Kijana_wa_Raki

Tutarekebisha, meneja ameshakubali mashine ya tatu baada ya leo. La mwisho kabisa wakuu: umeme utakatika tena, hilo halina mjadala. Nifanyeje isinigomee tena asubuhi?

ChapChap01

Hapa sasa nina jibu. Weka kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya nodi1, @reboot, ile sed ya kuandika safe_to_bootstrap: 1 halafu galera_new_cluster. Umeme ukirudi inajiwasha yenyewe.

BintiKonsoli

ChapChap01 wewe ni mtu wa hatari. Siku nodi1 itakaporestati peke yake, nodi2 na nodi3 zikiwa zinafanya kazi, cron yako itaanzisha klasta ya pili yenye jina lilelile. HAProxy itaiona nodi1 ni Synced na kuwarudisha waandishi kwake. Wenzake nao wako hai na vitabu vyao. Ile safe_to_bootstrap: 0 ndiyo komeo linalozuia hilo, na wewe unaandika cron ya kulivunja.

Galera ina njia yake. Kila nodi huhifadhi orodha ya waliokuwemo kwenye faili la gvwstate.dat, na zikizimika ghafla zote kwa pamoja, wote waliokuwemo wakiwaka na kuonana, zinaweza kujiunda upya zenyewe. Kwa Kijana_wa_Raki nodi1 haikuwa kwenye orodha ya mwisho, na alikuwa anaziwasha moja moja, hii ikichoka kusubiri ndipo anaamsha nyingine. Kwa hiyo umeme ukirudi, washa swichi kwanza, kisha nodi zote kwa pamoja, uzipe nafasi kabla ya kugusa chochote.

Ila dawa yenyewe ni zisizimike ghafla. Unganisha UPS kwa kebo ya USB, sakinisha NUT (programu inayoifuatilia UPS), chaji ikifika kiwango ulichopanga izime kwa utaratibu: simamisha HAProxy, kisha nodi3, kisha nodi2, nodi1 iwe ya mwisho. Ya mwisho kuondoka huandikiwa safe_to_bootstrap: 1 na Galera yenyewe. Asubuhi unafungua grastate.dat kwenye kila nodi, yenye 1 unaipigia galera_new_cluster, nyingine systemctl start. Zote zikisoma 0, rudi juu kwenye --wsrep-recover.

Mchora_Mtandao

Na mashine yenye garbd au nodi ya tatu iwe mteja wa NUT pia, isije ikabaki inapiga kura peke yake gizani. Swichi izime baada ya nodi zote. NUT inatoa amri ya kuzima kupitia hiyo hiyo swichi.

Kijana_wa_Raki

Swichi nimeihamisha sasa hivi. Kebo ya USB ya UPS ya A haipo kwenye boksi, naenda dukani.